Shajara ya mradi: akiba ya manila za rangi kwa kadi za mkono

Kabla ya kununua chochote

Lengo ni hili: nikikaa kutengeneza kadi, manila ninayoitaka iwe imo kabatini, ya rangi ile, ya uzito ule, na ya kutosha kumaliza kazi. Hilo la mwisho ndilo gumu. Kukusanya rangi nyingi ni jambo la mchana mmoja. Kuwa na rangi moja inayotosha kadi thelathini zinazofanana, hapo ndipo kuna kazi.

Nimetoa kila kitu na kukipanga kwa rangi. Zambarau, pinki iliyokolea na chungwa zimejaa tele, nyeupe inakaribia kuisha. Si ajabu. Manila nyingi huuzwa kwa pakiti za rangi mchanganyiko, na ndani ya pakiti kila rangi ina idadi sawa, utadhani kuna mtu anayetumia chungwa sawasawa na nyeupe. Anayenunua pakiti kwa ajili ya nyeupe iliyomo anaishia na zambarau za kutosha ukoo mzima. Kuanzia leo pakiti za mchanganyiko zimetoka kwenye orodha, labda moja kwa ajili ya kuonja rangi mpya.

Hesabu naianzia kwenye kadi yenyewe. Kadi yangu ya kawaida ni A6 iliyokunjwa, milimita 105 kwa 148, inayoingia vizuri kwenye bahasha ya C6 ya milimita 114 kwa 162. A4 moja ikikatwa katikati inatoa A5 mbili, na kila A5 ikikunjwa ni kadi moja. Juu ya msingi huo naweka tabaka la rangi la milimita 95 kwa 138, na A4 moja inatoa matabaka manne ya ukubwa huo. Kwa hiyo kadi ishirini zinakula A4 kumi za msingi na A4 tano tu za rangi, tena hizo tano zinagawanywa kwa rangi tatu au nne. Ndiyo maana karatasi ya msingi inakwisha kila mara na ya rangi inakaa miaka. Akiba inayofuata matumizi itakuwa na lundo kubwa la misingi na safu nyembamba za rangi. Haitapendeza ikipigwa picha, lakini itafanya kazi.

Uzito

Karatasi ya kawaida ya ofisini ina gramu 80 kwa meta ya mraba. Manila nyepesi ya gramu 160 inafaa kukatia maua, herufi na matabaka madogo, lakini msingi wa kadi wa gramu 160 unalegea: kadi ukiisimamisha mezani inaanza kufunguka na kuinama. Nimeamua gramu 240 hadi 300 kwa msingi, gramu 200 au pungufu kidogo kwa matabaka. Matabaka mazito hayana faida. Yanaongeza unene, bahasha inavimba, na gundi inapata kazi ya bure.

Sehemu kubwa ya manila niliyo nayo haina lebo, kwa hiyo nilihitaji njia ya kujua gramu zake. Karatasi ya A0 ni meta ya mraba moja, na A4 ni sehemu ya 16 ya hiyo. Pima A4 kumi kwenye mizani ndogo ya jikoni, zidisha jibu kwa 1.6, basi. Zikija gramu 150, hiyo ni manila ya gramu 240. Zikija 100, ni ya gramu 160. Kwa karatasi moja mizani ya jikoni haiaminiki, ndiyo maana ya kumi. Kazi hii imechukua muda mfupi kuliko kutafuta kalamu ya kuandikia majibu.

Kwa wanaonunua manila zenye vipimo vya Marekani kuna mtego mmoja. Kule uzito unatajwa kwa paundi za rimu nzima ya karatasi kubwa kabla haijakatwa, na ukubwa wa karatasi hiyo unatofautiana kwa aina. Kwa manila ya aina inayoitwa *cover*, paundi 65 ni kama gramu 176, paundi 80 ni kama 216, na paundi 110 ni kama 298. Lakini paundi 110 ya aina ya *index* ni kama gramu 199 tu. Namba moja, manila mbili tofauti kabisa. Tangazo likisema paundi 110 bila kutaja aina, naliuliza kwanza au naliacha.

Nyuzi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu malalamiko mengi kuhusu manila mbovu huwa si ya ubovu wa manila.

Karatasi ya kiwandani hutengenezwa kwa kumwaga rojo la nyuzi na maji juu ya wavu unaokimbia. Nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wa wavu huo, na zikikauka hubaki hivyo. Matokeo yake karatasi ina upande wa kukunjika kirahisi, sambamba na nyuzi, na upande wa kubisha, unaozikata nyuzi njia panda. Kwenye gramu 80 tofauti haionekani. Kwenye gramu 250 na kuendelea, mkunjo unaokata nyuzi hupasuka mgongoni.

Nilichukua A4 moja ya bluu iliyokoza, gramu 300, nikakata vibanzi viwili, kimoja cha kukunjwa sambamba na nyuzi na kimoja cha kukunjwa kwa kuzikata, nikavikunja vyote na kuvikandamiza kwa mgongo wa kijiko. Mkunjo wa kwanza ulitoka mkali na safi. Wa pili ulifanya mstari uliochakaa, rangi imepasuka vipande vipande, nyuzi zimesimama, na ukipitisha ukucha juu yake unasikia mkwaruzo. Karatasi moja, siku moja, mkono mmoja.

Kujua nyuzi zimelala wapi hakuhitaji kuharibu karatasi. Shika A4 kwa kingo mbili zinazokabiliana, ilete kama unataka kuikunja lakini usiikunje, sikiliza inavyosukuma viganja. Igeuze, fanya vilevile kwa kingo nyingine. Pale inapolegea zaidi, mkunjo wake ni sambamba na nyuzi. Mwenye shaka akate kipande kidogo cha mraba, alowanishe upande mmoja: kitajiviringa, na mhimili wa ule mviringo ndio mwelekeo wa nyuzi. Baadhi ya watengenezaji huupigia mstari kipimo kinachokwenda na nyuzi, kwa hiyo kwenye pakiti iliyoandikwa 210 x 297, mstari ukiwa chini ya 297 nyuzi zimelala kwa urefu.

Sasa faida yake. A4 yenye nyuzi za urefu ikikatwa katikati ya ule urefu inatoa A5 mbili ambazo nyuzi zake zimelala upande mfupi. Zikikunjwa kuwa A6, mkunjo nao unapita upande huohuo mfupi. Sawia kabisa, na ni bure. Lakini ukiikata A4 hiyohiyo kwa urefu, vipande viwili virefu vyembamba vya milimita 105 kwa 297, kisha ukavikunja, unapata kadi ya ukubwa uleule yenye mkunjo unaokata nyuzi. Kuna maelekezo mengi ya kadi yanayofundisha mkato huu wa pili kana kwamba ni sawa na wa kwanza. Si sawa.

Kwa kadi kubwa ya A5, A4 ya nyuzi za urefu haifai hata kidogo, maana mkunjo unapita upana. Dawa ni kununua A3 ya nyuzi za urefu na kuikata katikati: kila nusu inakuwa A4 yenye nyuzi za upana. Nimeiweka A3 ya krimu kwenye orodha ya manunuzi kwa sababu hiyo tu.

Nyuzi zikikubali, bado mstari wa kukunjia unabonyezwa kwanza kwa rula na kitu butu. Kalamu ya wino iliyokwisha inatosha. Mbonyezo unaacha bonde upande mmoja na kinundu upande wa pili, na kinundu ndicho kinachopaswa kubaki ndani ya kadi. Watu wengi hufanya kinyume kwa sababu bonde linaonekana kama linaalika kukunjwa ndani.

Kuchana pembe

Kipimo cha haraka kuliko vyote: chana pembe. Manila iliyotiwa rangi kwenye rojo ina rangi hadi ndani, mchano unatoka na rangi yake. Manila iliyopakwa rangi juu inaonyesha moyo mweupe. Zote zina kazi. Yenye moyo mweupe ukiisugua kwa msasa laini baada ya kuibonyezea nakshi, nakshi inajitokeza kwa weupe, na hakuna rangi ya ndani inayoweza kukupa hilo. Ila kwa msingi wa kadi siitaki, kwa sababu kila mkunjo na kila kingo iliyokatwa inatangaza ule weupe. Nimeandika kanuni ndani ya mlango wa kabati: msingi ni rangi hadi ndani, bila mjadala.

Maji na jua

Nyekundu, nyeusi na bluu nzito zina tabia ya kuachia rangi zikiguswa na maji, na gundi nyingi nyeupe ni za maji. Kwa kila rangi nzito ninakandamiza pamba yenye unyevu juu ya kipande, chini yake karatasi nyeupe, kitu kizito juu, kisha naondoka. Rangi ikihamia kwenye nyeupe, manila hiyo inagandishwa kwa selotepu ya pande mbili peke yake. Nyekundu niliyoipenda kuliko zote ndiyo iliyoachia zaidi. Itabaki, lakini chapa imeshapigwa kwenye sampuli yake.

Kwa jua, vibanzi vya rangi zote vimebandikwa dirishani, nusu vikiwa vimefunikwa kwa karatasi ya alumini. Vitakaa huko wiki kadhaa. Neno "isiyo na asidi" kwenye pakiti halisaidii hapa. Asidi inahusu karatasi yenyewe: manila yenye asidi, au iliyobaki na lignini ya mti, inageuka njano na kuwa dhaifu kadiri miaka inavyokwenda, na inaweza kuharibu picha iliyobandikwa juu yake. Kipimo cha kimataifa cha karatasi ya kudumu, ISO 9706, kinataka pH, yaani kipimo cha uasidi, kati ya 7.5 na 10 pamoja na akiba ya alkali ya kupunguza makali ya asidi, kwa kawaida chokaa. Rangi kupauka kwa mwanga ni habari nyingine. Manila inaweza kuwa haina chembe ya asidi na bado pinki yake ikafa dirishani.

Sampuli kwenye pete

Kila manila inayoingia sasa inatoa kipande cha milimita 40 kwa 90 kabla ya kitu kingine chochote. Kipande kinatobolewa na kuingizwa kwenye pete ya chuma. Mbele: chini kimekunjwa mara moja ili mgongo wa mkunjo uonekane, katikati kuna mstari wa wino ninaoutumia kwa mihuri, juu kuna tone la gundi iliyokauka. Nyuma nimeandika gramu, mwelekeo wa nyuzi kwa mshale, moyo mweupe au la, jina la rangi kama alivyoliita muuzaji, na mwezi wa kununua.

Mwezi una maana yake. Rangi ya jina moja kutoka kiwanda kimoja hubadilika kidogo kutoka mchanganyo mmoja wa rojo hadi mwingine. Ikiwa peke yake hakuna atakayejua. Weka krimu ya mwaka jana na krimu ya sasa kwenye kadi moja, na moja itaonekana ilifuliwa. Kwa hiyo misingi inanunuliwa kwa mkupuo, kutoka shehena moja, na mkupuo mpya hauchanganywi na wa zamani ndani ya kazi moja.

Pete hii imeshaanza kulipa. Badala ya kuvuta karatasi nzima nzima kabatini, kuzilinganisha na kuzirudisha zikiwa na alama za vidole, nafungua pete na kupanga vipande vitatu mezani.

Rangi zipi

Nimekata shauri. Zisizo na rangi kwanza: nyeupe, krimu, kijivu chepesi, nyeusi, na kaki. Kaki inafaa karibu na kila kitu na inaficha alama za vidole, sijui kwa nini watu wanaiona ya maboksi tu. Nyeupe itakuwa ya aina moja. Nyeupe nyingi zina kemikali ya kung'arisha inayozifanya zionekane na ubluu kwenye mwanga wa mchana, na nyeupe isiyo nayo ikikaa pembeni inaonekana chafu. Nyeupe mbili ndani ya akiba moja ni ugomvi wa kudumu.

Kisha familia sita za rangi: nyekundu, njano, kijani, bluu, zambarau na hudhurungi, kila moja kwa ngazi tatu, nyepesi, ya kati, nzito. Ngazi ndizo zinazofanya kadi ionekane imepangwa. Bluu tatu za ngazi tofauti zinaleta kadi nzuri hata kwa mtu asiye na jicho la rangi, wakati rangi tisa kali za ngazi moja zinapigana kila unapozigusa. Zambarau haitanunuliwa, iliyopo ni ya kutosha mpaka nisahau nilikuwa na mradi.

Kila rangi ninaijaribu ikiwa juu ya msingi itakaokaa. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi za kufumia kwenye karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins huko Paris, alilieleza jambo hili mwaka 1839: rangi mbili zikikaa pamoja kila moja inabadilisha jinsi nyingine inavyoonekana, hata kama hakuna kilichobadilika kwenye rangi zenyewe. Malalamiko aliyokuwa akiletewa ni kwamba nyeusi ya nyuzi haikuwa nyeusi ya kutosha, na alikuta kasoro iko kwenye rangi za jirani. Kijivu changu chepesi ni kijivu juu ya nyeupe, lakini juu ya njano kinaelekea zambarau. Ukikichagua kikiwa peke yake dukani hulioni hilo.

Halafu kuna taa. Kijani mbili zilizolingana dirishani zimeachana chini ya balbu ya usiku, moja imekuwa ya udongo. Kadi husomwa ndani, jioni, mara nyingi kuliko juani. Ninalinganisha pande zote mbili, na zikigombana, balbu ndiyo inayoamua.

Kabati

Manila inavuta na kutoa unyevu kama kila karatasi, na upande mmoja ukipata unyevu kuliko mwingine, inapinda. Unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 50 unaifaa. Pakiti mpya inakaa chumbani ikiwa imefungwa hadi kesho yake kabla ya kufunguliwa, ifikie joto la chumba. Jikoni na karibu na bafu hapana. Sakafuni hapana.

Rundo la misingi limelazwa. Za rangi zimesimamishwa kwenye maboksi ya faili, lakini zimebanwa kwa kadibodi ili zisiegemee, maana manila iliyoegemea mwezi mmoja hubaki imeinama. Mifuko ya plastiki niliyoichagua ni ya polipropilini. Plastiki ya aina ya PVC hutoa kemikali kadiri inavyozeeka, haifai kukaa na karatasi. Mende wanapenda wanga uliomo kwenye karatasi na gundi, kwa hiyo maboksi yana vifuniko na rafu inafutwa.

Mabaki

Kutoka kila A4 ya matabaka manne kunabaki kibanzi cha milimita 20 na kingine cha 21. Hivyo vinatosha mikanda na bendera ndogo, vinaingia boksi la vibanzi. Faida kubwa zaidi iko mahali pasipoonekana. Tabaka la juu la milimita 85 kwa 128 linapofunika tabaka la rangi la 95 kwa 138, kinachoonekana cha rangi ni fremu ya milimita 5 tu. Katikati ninakata dirisha la 65 kwa 108, nabaki na milimita 10 za gundi kila upande, na kipande kilichotoka kinatosha lebo, maua au uso wa kadi ndogo. Kwa rangi ghali, kama zile zenye mng'ao wa metali, hili linafanywa kila mara. Kwa kaki sijisumbui.

Kipande kidogo kuliko kiberiti kinatupwa. Nimeweka mpaka huo kwa makusudi, vinginevyo boksi la mabaki linageuka mradi mwingine.

Alama ya kuagiza

Kadi thelathini ni A4 15 za msingi, pamoja na chache za kuharibika. Kwa hiyo ndani ya rundo la nyeupe na la krimu nimechomeka kadibodi nyekundu juu ya karatasi ya 20 kutoka chini. Nikiifikia, naagiza, na bado nina za kumalizia kazi iliyo mezani. Kwa rangi za matabaka alama iko kwenye ya tano.

Oda ya sasa: nyeupe gramu 250 pakiti mbili za shehena moja, A3 ya krimu ya nyuzi za urefu, kaki, na bluu ya ngazi ya kati. Nyeusi inasubiri. Tatu nilizozijaribu zote zinaachia rangi kwenye pamba, na ya nne ina moyo mweupe. Vibanzi vya dirishani vikishuka nitaandika ni rangi zipi zimesimama.